Mzee Kasmir na Duara la Milimita Tisa

Ifikapo tarehe 30 Juni 2025, Bwana Kasmir Tenganamba, Fundi Sanifu wa Maabara katika Kituo cha Utafiti wa Mitishamba Izia, atakuwa ametimiza miaka thelathini na mitatu ya utumishi na miaka sitini ya umri, na kwa mujibu wa sheria ataacha kuja kazini. Sheria haisemi lolote kuhusu sisi tutakaobaki, wala haitaji tutamuuliza nani ufunguo wa kabati la joto umewekwa wapi.

Kamati ya sherehe imempa mwandishi wa wasifu huu, Redempta wa masijala, maagizo matatu: uwe mfupi, uwe wa kuchangamsha, na usiguse habari za Mwimbi. Mwandishi atajitahidi katika hilo la kuchangamsha.

Bwana Kasmir alizaliwa hapahapa Izia, wakati Izia ilipokuwa mashamba ya ulezi na nyumba za kuhesabu. Cheti cha parokia kinasema alizaliwa mwezi Juni. Marehemu mama yake alisema ni wakati wa kuvuna, na hakutaka kubishana na padri kuhusu tarehe. Alisoma, akafaulu, akaenda kujifunza kazi ya maabara, kisha mwezi Julai 1992 akaripoti kituoni akiwa amevaa suti ya kahawia ambayo wakongwe wanaikumbuka kwa sababu aliivaa hadi 2004. Kituo wakati huo kilikuwa chumba kimoja kilichotengwa katika ghala la mbolea. Vifaa vilikuwa mizani, darubini yenye jicho moja zima, na kiti. Mkuu wa kituo wa enzi hizo alikalia kiti, kwa hiyo Bwana Kasmir alianza utafiti akiwa amesimama.

Kwa wale watakaosoma wasifu huu bila kuwahi kuingia maabara, kazi yake ni hii. Mtu analeta jani, gome au mzizi unaosifiwa kwa kutibu vidonda, majipu au kuhara. Bwana Kasmir anaukausha, anausaga, anauloweka na kuuchuja. Kisha anachukua sahani ndogo ya kioo yenye uji ulioganda, anaupaka bakteria, na juu yake anaweka kiduara cha karatasi kilicholoweshwa dawa ile. Sahani inalala katika kabati la joto. Kesho yake, kama mmea una kitu ndani yake kinachoua bakteria, kuzunguka karatasi kunakuwa na duara wazi, mahali ambapo bakteria wameshindwa kuota. Kama hauna kitu, bakteria wanakuwa wamejaa hadi ukingoni mwa karatasi. Basi unachukua rula, unapima duara, unaandika. Karatasi yenyewe ina upana wa milimita sita, kwa hiyo ukiandika sita maana yake umeandika sifuri kwa adabu.

Viduara hivyo vinauzwa tayari nchi za watu. Hapa Bwana Kasmir alivitoboa mwenyewe kutoka karatasi ya kuchujia, kwa panchi ya kutobolea majalada aliyoiazima masijala mwaka 1996. Masijala bado inaisubiri. Baada ya kuvitoboa alivichemsha katika sufuria ya mvuke, ileile ambayo kila Krismasi mtu fulani hujaribu kuiazima ili apikie maharage, na kila Krismasi hunyimwa. Umeme ulipokatika, na Sumbawanga tunaujua umeme wetu, aliweka sahani katika sanduku la mbao lililojaa mablanketi na chupa za maji ya moto, akazitunza vizuri kuliko watu wengi wanavyotunza wageni wao.

Kwa njia hiyo amepima mimea mia sita na kumi na mmoja. Iliyotoa duara la kupimika ni arobaini na mitatu. Mingine yote ilipata sita, na Bwana Kasmir aliona ni wajibu wake kumweleza kila mganga ana kwa ana, kwa chai, baada ya kumwamkia shikamoo kama mganga ni mzee. Wako waganga waliosema heri mahakama kuliko chai ile. Mzee Adolfu, aliyepanda baiskeli kutoka bondeni kwa siku mbili, alipoambiwa kwamba mzizi wake haukuua bakteria hata mmoja, alimaliza chai yake taratibu, akasema hakushangaa, kwa sababu mzizi ule haukuwa wa vidonda bali wa kutuliza mashemeji. Bwana Kasmir aliandika maelezo hayo kwenye daftari, katika safu ya “matumizi ya kienyeji”, na yapo hadi leo.

Yupo pia Bwana Mboje, mfugaji aliyehamia huku na ng'ombe wake kutoka kaskazini, aliyeleta gome la kutibu kwato. Fomu yetu ina nafasi ya kujaza jina la mgonjwa, nasi tulitaka kuiacha wazi. Bwana Kasmir alisema fomu haiachwi wazi. Ng'ombe aliandikwa kwa jina lake na umri wake, na gome lilipata milimita kumi na nne, alama kubwa kuliko ilizopata mimea mingi ya binadamu.

Amefanya kazi na wakuu wa kituo saba. Wa sasa, Dk. Ignasi, alipohamishiwa hapa mwaka 2019 alifika na chupa ya mafuta ya upako aliyopewa na shangazi yake, aliyekuwa amesikia mambo mengi kuhusu Sumbawanga na alikuwa ameyaamini yote. Siku ya kwanza alimvuta Bwana Kasmir pembeni akamuuliza kwa siri ajihadhari na nini. Akajibiwa ajihadhari na baridi ya Julai. Dk. Ignasi alicheka, akatembea na shati la mikono mifupi, akalazwa wiki nzima kwa kichomi. Tangu hapo humwamini Bwana Kasmir katika kila jambo, isipokuwa lile moja ambalo kamati imekataza lisitajwe, na ambalo sasa mwandishi analifikia.

Mwanzoni mwa 2022 ulikuja waraka. Ulisema kila kituo kionyeshe walau dawa moja iliyothibitishwa ifikapo Juni 2023, la sivyo kitaunganishwa na kituo kingine kilichoko mbali sana na hapa, na watumishi wake watapangiwa kazi kadiri nafasi zitakavyopatikana. Tulikuwa watumishi kumi na wawili. Kelvin, dereva wetu, alikuwa na mke muuguzi ambaye asingehama naye. Mwandishi alikuwa na nyumba aliyokuwa akiijenga kule Chanji, iliyofika kwenye linta, na binti wa miaka minane aliyekuwa akimlea peke yake. Kila mmoja alikuwa na lake. Kwa miezi miwili watu walisalimiana kwenye korido kwa sauti za msibani, na mwenye imani na mitishamba alikuwa Bwana Kasmir tu, ambaye kwa hesabu zake mwenyewe ilikuwa imemwangusha mara mia tano na sitini na kitu.

Machi, katikati ya mvua, akaja Bibi Coleta wa Mwimbi. Alileta kopo la unga wa mzizi wa kijiti kinachoota kwenye miamba ya huko. Jina lake mwandishi hataliandika, watu wasije wakakikimbilia na majembe. Alisema anatibia vidonda na majipu, na wagonjwa wanapona upesi siku hizi kuliko enzi za mama yake, aliyemrithisha kazi. Sentensi hiyo ingepaswa kutushtua, lakini ilitufurahisha.

Sahani ilipotolewa asubuhi iliyofuata, duara lilikuwa milimita ishirini na sita. Hakuna aliyekuwa amewahi kuona duara kama lile kituoni. Dk. Ignasi aliibeba sahani ofisi hadi ofisi. Zililetwa soda na maandazi. Mwandishi, ambaye ndiye mchapaji wa ripoti zote za kituo, alichapa ripoti siku hiyohiyo, akaweka neno “ugunduzi” katika kila aya, na katika aya ya mwisho akaliweka mara mbili. Alichukua pia unga kidogo akaenda nao nyumbani, kwa kuwa mtu hawezi kufanya kazi mahali penye dawa ya miujiza akakosa ya kwake. Bwana Kasmir peke yake hakunywa soda. Alisema unga ameletewa, mzizi hajauona, naye angependa kwanza kuuchimba kwa mkono wake. Tuliona ni wivu wa mtu ambaye amezoea kuandika sita.

Hatukumsubiri. Tarehe ya sherehe ilipangwa, mgeni rasmi akatafutwa, na barua ya kumpandisha cheo Bwana Kasmir kuwa Fundi Sanifu Mkuu ikaandaliwa, kwani ugunduzi ulikuwa umetokea kwenye sahani yake. Barua ilisubiri sahihi moja tu. Alikuwa amengoja cheo hicho miaka kumi na mmoja.

Julai alichukua likizo yake mwenyewe akaenda Mwimbi na jembe. Bibi Coleta alimpeleka miambani, akamruhusu kuchimba kwa masharti ya pale: unatoa nusu ya mzizi, nusu unaiacha, unafukia shimo kwa mikono. Waliporudi nyumbani akamwandalia ugali. Wakiwa wanakula akaja mwanamke mwenye jipu kwapani. Kabla hajaketi, mwanamke yule alitoa bahasha ndogo ya vidonge vya zahanati kwenye pindo la kitenge, akaidumbukiza katika kopo lililokuwa mlangoni. Bwana Kasmir akauliza ile ni nini. Akaelezwa kwamba ni adabu. Mgonjwa haingii kwa mganga mmoja huku ana dawa za mganga mwingine mfukoni. Anaziacha mlangoni, hata kama amemeza mbili tu kati ya ishirini.

Bwana Kasmir akauliza vidonge huenda wapi baadaye. Bibi Coleta ni mtu anayechukia uharibifu. Alivuta kinu, akachukua vile vidonge vya rangi mbili, akavipasua kwa ukucha kimoja kimoja, akamimina unga wake juu ya unga wa mzizi, akatwanga. Alifanya hivyo mbele ya mgeni wake bila kuficha chochote, kama alivyofanya kwa miaka mingi. Alipouona uso wa Bwana Kasmir ndipo alipoacha kutwanga.

“Mwanangu, si zimetoka kwenu?” alimwambia. “Mimi nilidhani mnazijua.”

Aliporudi aliandaa sahani tatu. Unga wa kopo ulitoa ishirini na sita kama kawaida. Kidonge cha rangi mbili peke yake kikatoa ishirini na saba. Mzizi aliouchimba kwa mkono wake, msafi, ulitoa milimita tisa. Yaani kituo kizima kilikuwa kimekunywa soda kwa heshima ya dawa ya zahanati iliyotembea kwa miguu hadi Mwimbi na kurudi kwetu imevaa nguo za kienyeji.

Alimweleza Dk. Ignasi asubuhi ya siku ya sherehe, 12 Agosti, kwa sababu hesabu zake alizimaliza jana yake jioni. Mahema yalikuwa yamesimama. Dk. Ignasi alisikiliza hadi mwisho, akamwomba anyamaze kwa siku hiyo moja tu, mambo mengine yangerekebishwa polepole kwa maandishi. Mwandishi naye alimfuata Bwana Kasmir nyuma ya jengo la maabara, akamwambia afikirie familia kumi na mbili. Alijibu kwamba amezifikiria hizo, akafikiria na za watakaouziwa unga. Mwandishi aliona jibu hilo ni la mtu asiyejenga.

Mgeni rasmi alifika. Hotuba zilitolewa, na Bwana Kasmir akaitwa mbele aeleze ugunduzi wake. Alivua kofia. Hakuwa na karatasi.

“Mgeni rasmi, mzizi huu una nguvu kidogo,” alisema. “Nguvu kubwa iliyoandikwa kwenye ripoti ni ya vidonge vya hospitali, ambavyo vilichanganywa humo bila nia mbaya. Kosa ni letu, hatukuuliza. Naomba radhi.”

Akaketi. Bahati mbaya kwaya ilikuwa imeagizwa ianze mara tu msemaji atakapoketi, na kwaya yetu ni watu wa kufuata maagizo. Wimbo ulikuwa na beti nne, na kila ubeti ulimalizikia na “milimita ishirini na sita”. Mgeni rasmi, akiwa hajui afanye nini na mikono yake, alipiga makofi kufuata mdundo. Kisha watu wakala pilau kimyakimya, kwa sababu hakuna aibu ambayo imewahi kuwafanya watu wa hapa wasusie pilau.

Wiki iliyofuata iliandikwa barua kwenda kwa mkuu wa kituo. Ilisema kwamba Bwana Kasmir amekidhalilisha kituo mbele ya wageni, ameonyesha ukosefu wa moyo wa kushirikiana, na kwamba watumishi wenzake wanaomba aondolewe maabara. Ilikuwa na sahihi kumi. Waliokosa kusaini ni Bwana Kasmir na mkuu mwenyewe, ambaye barua ilimhusu kwa kuipokea. Barua ya kupandishwa cheo ilirudishwa kwenye droo. Bwana Kasmir alihamishiwa stoo, akakabidhiwa orodha ya chupa, na kwa miezi kumi na minne akahesabu chupa. Alizihesabu vizuri mno. Stoo yetu haijawahi kuwa safi namna ile, na tulisema hivyo waziwazi, tukiamini kwamba tunampa moyo.

Hapa mwandishi anaomba ruhusa ya kuacha kujiita mwandishi.

Januari 2023 mwanangu Jenifer alijikata kwa jembe kwenye muundi, mguu wa kushoto. Kidonda hakikuwa kikubwa. Nilikuwa na unga wa Mwimbi jikoni, na nilijua, kuliko mtu mwingine yeyote mjini hapa, kwamba umechanganywa na vidonge. Nilijiambia kwamba basi ndiyo nzuri zaidi, ni dawa mbili ndani ya moja. Nilimpaka asubuhi na jioni. Kilikauka, kikarudi. Kikakauka tena, kikarudi na usaha. Niliendelea kupaka kwa muda wa mwezi na ushei, hadi mtoto alipoanza kupata homa na mguu ukawa hauwezi kukanyaga.

Hospitali walimpokea vizuri, wakamchoma sindano, sindano zikakataa. Wakabadilisha, nazo zikakataa. Uvimbe ulipanda kuelekea gotini, na daktari akaanza kulitaja neno kukata, kwa sauti ya chini, huku akinitazama begani badala ya usoni. Alisema wangependa kwanza kuotesha usaha wajue ni dawa ipi inayoweza kufaa, lakini vifaa vya kuoteshea vilikuwa vimekwisha na kuagiza vingine kungechukua siku ambazo mguu hauna. Akaniuliza kama kituo chetu si kina mtu wa kazi hiyo.

Tulikuwa naye. Alikuwa stoo.

Dk. Ignasi alikwenda mwenyewe akasimama mlangoni mwa stoo na kuomba. Sikuwepo. Nimesimuliwa kwamba Bwana Kasmir aliuliza jambo moja tu, kama usaha umechukuliwa kabla ya sindano ya asubuhi au baada yake.

Siku mbili baadaye nilipita ofisini kuomba niongezewe ruhusa. Aliniita maabara. Nilifikiri ataniambia mambo ninayostahili kuambiwa, na nilikuwa tayari kuyasikia yote. Badala yake alinipa rula. Kumbe huo ndio utaratibu wake siku zote: hasomi sahani peke yake. Humwita mtu wa pili, anaziba jina kwa plasta, mtu wa pili anapima bila kujua ni sahani ya nani, ili matumaini yasije yakarefusha rula. Miaka kumi na mitano nimefanya kazi katika jengo lile na sikuwa nimewahi kuulizwa, kwa sababu sikuwa nimewahi kuingia mle bila kubeba maandazi.

Sahani ilikuwa na viduara saba vya dawa saba. Nilipima cha kwanza nikasema sita. Cha pili sita. Cha tatu sita. Nilikuwa nimechapa ripoti za kutosha kujua maana ya sita, na nilimhurumia mwenye sahani ile, yeyote awaye. Cha nne sita, cha tano sita, cha sita vilevile. Cha saba nilipima nikasema ishirini na mbili. Akaniambia nirudie. Nikarudia, ishirini na mbili. Akaandika kwa penseli, akapuliza vumbi la penseli, ndipo akabandua plasta. Palikuwa pameandikwa Jenifer, miaka tisa, Chanji.

“Dawa ipo, Mama Jenifer,” alisema. “Ni moja tu, lakini ipo. Wapelekee sasa hivi.”

Kelvin aliendesha gari siku ile kwa namna ambayo ripoti ya safari haikuielezea. Jenifer alianza dawa hiyo mchana uleule. Siku ya nne homa ilishuka. Mguu anao, anachechemea kidogo anapochoka, na mwaka huu anacheza netiboli, tena vibaya.

Baadaye nilimuuliza Bwana Kasmir kama ni ule unga. Nilitaka aseme ndiyo, anilaumu, yaishe. Akasema sahani haielezi bakteria wamejifunzia wapi kuishinda dawa, inaonyesha tu kwamba wamejifunza. Mimi najua. Walijifunzia jikoni kwangu, asubuhi na jioni, kwa vidonge vidogovidogo visivyotosha kuwaua, na mwalimu wao nilikuwa mimi. Unga ule ulikuwa karibu kufungwa kwenye pakiti na kupelekwa kila kata ya mkoa huu, ukiwa na ripoti yangu juu yake. Aliyezuia ni mtu mmoja aliyevua kofia mbele ya kwaya.

Kuhusu waraka uliotutisha, wasomaji watapenda kujua kwamba Juni 2023 ilifika ikapita. Hakuna aliyekuja, na hakuna aliyeuliza. Agosti ulikuja waraka mwingine kuhusu rangi za majalada. Tulikuwa tumemtoa mwenzetu kafara kwa tarehe ambayo hata walioiweka hawakuikumbuka.

Bwana Kasmir alirudishwa maabara mwezi Novemba mwaka huo bila barua. Alipewa ufunguo tu, akaingia, akauliza nani amegusa mizani. Aliendelea na mzizi wake wa milimita tisa. Amejua kwamba ukilowekwa kwa maji ya uvuguvugu badala ya spiriti hufika kumi na moja, na mwaka jana matokeo hayo yalichapishwa katika jarida, yeye akiwa mwandishi wa nne. Hakuna aliyetunga wimbo.

Bibi Coleta, ambaye leo yumo miongoni mwa wageni wetu, ameacha kuchanganya. Anakiri kwamba dawa yake sasa inachelewa na wagonjwa wananung'unika. Amebadilisha pia adabu ya mlangoni kwake: mgonjwa mwenye vidonge haviachi tena koponi, anaambiwa arudi nyumbani akavimalize vyote kwanza, ndipo aje. Viongozi wengi wamehubiri jambo hilo kwa mabango na vipaza sauti. Huko Mwimbi limefanyika, na lilifanyika kwa sababu Bwana Kasmir alimrudia akala naye ugali mara ya pili, akamwomba radhi kwa kutomuuliza mapema.

Anastaafu akiwa Fundi Sanifu wa Maabara, cheo kilekile alichokuwa nacho mwaka 2011. Kamati imemnunulia saa ya ukutani.

Mzee wetu Kasmir, kwa niaba ya kituo nakushukuru kwa miaka thelathini na mitatu. Kwa niaba ya Jenifer nakushukuru kwa mguu. Nenda nyumbani kwako salama, ulime, upumzike, uamke saa uitakayo, na Mungu akupe afya na siku nyingi za kuzifurahia pamoja na mkeo, Mama Silvana, na wajukuu. Maisha mema, mzee wetu.

Limebaki jambo la kiofisi. Ile barua ya sahihi kumi ipo katika jalada lako binafsi, folio ya hamsini na nane. Kwa taratibu za utumishi haiwezi kuondolewa, nimeuliza. Sahihi ya kwanza ni yangu, na maneno yote ni yangu, mimi ndiye niliyeitunga na kuichapa. Wasifu huu pia nimeuchapa mimi, na leo asubuhi, kabla ya kuuleta hapa, nimeutoboa, nimeupa namba na kuufunga katika jalada hilohilo, folio ya sabini na moja, juu ya karatasi nyingine zote, ili yeyote atakayelifungua baada yetu akutane nao kwanza.